Fundi Aliyeshindwa Kumsema Vibaya Bosi

Shemeji yangu ni fundi wa makochi, na tangu nimjue hajawahi kukiri kwamba kuna kitu kibovu duniani. Mletee kochi lililotafunwa na panya mpaka springi zinachungulia nje. Atalizunguka mikono nyuma, atalipapasa mgongo, kisha atakwambia liko safi kabisa, linataka kubembelezwa kidogo tu. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Safikabisa, kama neno moja, na nadhani hata anayeleta bili ya maji ameshasahau jina lake la kuzaliwa. Upande mmoja wa paa la karakana ulipoporomoka, alisimama pale chini akatazama juu, akasema sasa angalau tumepata hewa.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Nilikuja kuwasalimia kwa wiki mbili dada alipojifungua, na mtoto huyo sasa anavaa viatu vyangu, basi msinihesabie. Chumba cha ziada hakipo, kwa hiyo kitanda changu ni makochi ya wateja. Shemeji akimaliza kochi, mimi ndiye wa kwanza kulilalia, jambo ambalo yeye huliita kulipima nguvu. Mwenye mali akija kulichukua, nahamia lingine. Nimelala kwenye kochi la daktari wa meno, nimelala kwenye kochi la hakimu, na kwenye la kinyozi mmoja ambalo hata baada ya kushonwa upya liliendelea kuniwasha shingoni. Nayasema haya ili mjue kwamba ninapomteta shemeji namteta nikiwa nakula chake, na nina haki zote.

Mtoto mwenyewe tunamwita Bosi. Jina hilo nilimpa mimi, maana nyumba ile inakwenda kwa amri zake ingawa hasemi neno. Birika haliruhusiwi kupiga mluzi. Chai inaepuliwa kabla haijachemka sawasawa, na tumezoea kunywa ya vuguvugu. Mlango wa karakana unafungwa kwa bega, si kwa mkono. Zipu za mito zote lazima ziwe zimefungwa. Ukiacha moja wazi Bosi ataifuata popote ilipo, hata kama mto wenyewe umeulalia, na mimi nimeshaamshwa na zipu inayopita chini ya sikio langu mara nyingi kuliko nilivyoamshwa na jogoo.

Bosi ana usonji. Daktari alipowaeleza, Bosi akiwa bado mdogo, shemeji aliuliza swali moja tu: usonji unamzuia mtu kucheka? Daktari akasema hapana. Shemeji akajibu basi tuko safi kabisa, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za hospitali mpaka mlinzi akamfuata kumwuliza anamsubiri nani. Dada ndiye aliyeniambia hilo. Yeye mwenyewe ukimwuliza atasema alikuwa anaota jua.

Mwanga tuliupata kwenye kituo kimoja cha watoto wenye hali kama yake. Kabla ya hapo Bosi aliwahi kuumwa jino, na kwa kuwa hakuwa na namna ya kutuambia, alijiuma mkono na kugonga kichwa ukutani huku sisi tukimkimbizia maji, uji, panga boi, kila kitu isipokuwa daktari wa meno, ambaye kochi lake nilikuwa nalilalia. Mwalimu wa kituo akamfundisha kadi za picha. Sasa ana kadi ya maji, kadi ya choo, kadi ya maumivu, na kadi ya kelele ambayo hunionyesha mimi zaidi kuliko mtu mwingine. Basi ada ya kituo ikapanda. Mwalimu, ambaye naye ana bosi wake, akatuambia kwa huzuni kwamba muhula ukiisha bila ada nafasi itakwenda kwa mtoto mwingine. Lakini akatudokeza pia kwamba ofisi ya ustawi wa jamii inatoa posho kwa familia zinazolea watoto wenye usonji, na posho hiyo ingetosha kabisa. Kinachotakiwa ni mzazi kwenda kueleza hali halisi.

Hali halisi. Tukamtuma Safikabisa.

Dada anafanya kazi kwa dobi na siku ile hakupewa ruhusa, kwa hiyo tulikwenda mimi, shemeji na Bosi. Afisa alikuwa mama mmoja mpole mwenye mafua, leso mkononi, kalamu sikioni. Akaanza kuuliza. Mtoto analala vizuri? Shemeji akasema usingizi wake uko safi kabisa. Hakusema kwamba analala kidogo, halafu anaamka kukagua zipu. Chakula je? Anakula vizuri sana. Hakusema kwamba anakula vitu vyeupe peke yake, na mkate mpaka ukatwe kingo zote, na kingo hizo nazila mimi. Anavaa mwenyewe? Anavaa mwenyewe. Ni kweli, na anavua mwenyewe pia, hasa wageni wakiwepo, lakini hilo shemeji alilimeza.

Nilimkanyaga mguu. Akausogeza, akaendelea kumwambia afisa kwamba mtoto huyu ana jicho la vipimo, kwamba kitambaa kikipinda kidogo tu anakijua, kwamba ametulia, kwamba hana gharama. Kwa sauti ileile, na mikono ileile inayopapasa hewa, anayoitumia kumwambia mteja kochi litamzikia wajukuu. Wakati wote huo Bosi alikuwa chini ya meza ya afisa, ameshamvua kandambili na kuzipanga mlangoni pamoja na viatu vya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Afisa akacheka, akasema mtoto mzuri kweli, akaandika: familia inajimudu. Shemeji akamshukuru. Nusura nimtoe meno.

Jioni dada alisikiliza habari zote akiwa amesimama, mikono bado inanuka sabuni. Hakupaza sauti. Dada akikasirika sana hushuka, hapandi.

"Ulikwenda kuomba," alimwuliza, "au ulikwenda kumuuza mtoto?"

Shemeji akasema hakuongopa hata neno moja. Dada akamwambia hajamshtaki kwa uongo. Akaingia ndani, na kesho yake akaomba ruhusa kwa dobi kwa namna ambayo dobi alimpa, akaenda ofisini mwenyewe. Alirudi na jibu: afisa atakuja nyumbani, atamwona mtoto katika mazingira yake, na atamhoji baba upya, kwa kuwa maelezo ya kwanza ni ya baba na yeye ndiye wa kuyasahihisha. Baada ya hapo orodha ya mwaka inafungwa. Tusipopata safari hii, basi tena, Bosi atarudi kukaa nyumbani.

Mwalimu wa kituo akamwita shemeji pembeni akamweleza kwamba wazazi wengi wanaanguka hapohapo. Wanaulizwa juu ya siku mbaya, wao wanajibu siku nzuri, maana ndizo wanazopenda kuzikumbuka. Aseme siku mbaya. Shemeji akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani, akasema mwalimu yule ni safi kabisa.

Ikabidi tumfundishe. Dada akaona tusianze na mtoto, tuanze na makochi, ulimi uzoee. Tukamsimamisha mbele ya kochi moja la rangi ya maboga lililokuwa limekwisha, linasubiri mwenyewe, na ambalo mimi nilikuwa nimelilalia majuma mawili kwa raha zangu. Dada akajifanya afisa, akashika mwiko badala ya kalamu. Haya, lina kasoro gani? Shemeji akalitazama, akatoa jasho. Akasema rangi yake si ya kila mtu. Dada akamwambia hiyo si kasoro, hiyo ni heshima. Akajaribu tena. Akasema labda mguu mmoja, kwa mbali, ukiutazama kwa chuki. Mimi nikamwambia, shemeji, jikaze, sema lina kunguni.

"Lina kunguni," akanong'ona.

"Sikusikii, baba," dada akasema kwa sauti ya afisa.

Basi akapiga moyo konde, akafumba macho, akapaza sauti karakana nzima kwamba kochi hili lina kunguni, mbao zake zimeoza, springi zake zitamchoma mtu pabaya, na aliyelishona alikuwa amelewa. Alipofumbua macho mwenye kochi alikuwa amesimama mlangoni na kijana wa mkokoteni. Tulimfuata mpaka njia panda tukimweleza habari za posho, na kadiri tulivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharakisha. Kochi lile tunalo mpaka leo. Sasa ni langu, na ndiyo faida pekee niliyoiona katika mafunzo yale.

Lakini ulimi ulikuwa umefunguka. Tukamgeuzia sasa mambo ya Bosi, naye akanywea palepale. Bosi alikuwa sakafuni, anapanga vifungo kwa ukubwa. Shemeji akamtazama, akatutazama, akasema hawezi.

"Anasikia," alisema. "Haongei, lakini anasikia. Siwezi kukaa mbele ya mwanangu nikamhesabia kasoro kama kochi la mnada."

Kumpeleka Bosi kwa jirani haikuwezekana, kwa sababu afisa alitaka kumwona. Kumhoji shemeji barabarani haikufaa, maana barabarani kwetu siri hazikai. Tukaukuna ubongo, ndipo shemeji mwenyewe akatoa wazo ambalo sijui lilimtokea wapi. Uani, nyuma ya karakana, kuna benchi chini ya dirisha. Afisa atakaa pale na yeye. Mimi nitabaki ndani na Bosi, nitaikanyaga cherehani ya miguu mfululizo. Cherehani ile ni ya zamani, inanguruma kama kinu cha kusaga, na ni kelele pekee katika nyumba ile ambayo Bosi haijamkera hata siku moja. Akikaa karibu nayo hasikii kitu kingine. Uzi tutautoa, kwa sababu mashine ikikimbizwa bila kitambaa uzi unajiviringa chini na kuifunga. Dada akauliza kama tumepagawa. Kisha akaniuliza mimi kama miguu yangu itahimili.

Afisa akaja, na mafua yake yaleyale. Alikaribishwa kwenye kochi la rangi ya maboga, akasema ni zuri, nikamwona shemeji anavuta pumzi ya kulisifia, dada akamfinya. Afisa alimtazama Bosi akipanga vifungo, akajaribu kumsalimu, akaonyeshwa kadi ya kelele. Akaandika. Basi wakatoka uani, wakakaa kwenye benchi, dada akasimama mlangoni ili awaone wao na mimi pia. Akanipungia. Nikaanza kukanyaga.

Nataka niseme kitu kuhusu kukanyaga cherehani tupu. Ukishona, unapumzika: unageuza kitambaa, unakata uzi, unasema na watu. Ukiwa hushoni chochote hakuna pa kupumzikia. Mapaja yaliwaka moto. Mbele yangu sindano inapanda na kushuka juu ya hewa, nami nimekaza macho kama mtu anayeshona suti ya rais. Na kwa kuwa mashine ilikuwa inanguruma, shemeji alilazimika kupaza sauti, na kwa kuwa alipaza sauti, nami niliyekuwa karibu na dirisha nilizidisha kasi, naye akazidi kupaza. Tulikwenda hivyo, tunakimbizana. Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alikuja kuniambia baadaye kwamba walisikia kila kitu, na kwamba wamesikitika sana kuhusu kuvua nguo.

Maana alisema. Aliulizwa usingizi, akasema halali, na yeye mwenyewe amesahau kulala kukoje. Aliulizwa chakula, akasema vyeupe tu, na siku mkate ulipokuwa haupo mtoto alishinda na njaa akilia. Alisema habari ya jino, yote, mpaka ukuta uliopakwa rangi upya ili damu isionekane. Alisema Bosi aliwahi kutoka nje ya geti na kutembea katikati ya barabara akifuata mkoba wa mtu wenye zipu wazi. Afisa aliacha kuuliza. Jipu lilikuwa limepasuka, na shemeji, mtu ambaye hajawahi kukiri kwamba hata chai imepoa, alikuwa anapiga kelele uani kwake kwamba anaogopa kufa kwa sababu hajui ni nani mwingine atakayekubali kuishi na birika lisilochemka. Dada pale mlangoni alikuwa ameshika mdomo. Mimi nilikuwa nakanyaga, nalia na nakanyaga, jasho na machozi vinashindana kufika kidevuni.

Sikumwona Bosi akija. Alikuwa ameacha vifungo vyake, amesimama ubavuni mwangu, anaitazama sindano. Inapanda, inashuka, na haina uzi. Kwa mtoto aliyekulia karakana, hilo halikubaliki. Aliitazama kidogo, akanitazama mimi kwa namna ambayo sitamani kutazamwa tena, akaweka kiganja juu ya gurudumu la mashine, akalisimamisha.

Kimya kikashuka kwa ghafla. Na ndani ya kimya hicho shemeji, aliyekuwa katikati ya sentensi, akaimalizia kwa sauti ileile ya juu kabisa:

"Kila mteja wangu ananiita baba, hata mwenye duka aliyenizidi umri, na mwanangu hajaniita hata mara moja!"

Alipogundua kwamba hakuna kelele tena, alikuwa ameshamaliza. Nilimwona dirishani, mdomo wazi. Hakumtazama afisa wala dada. Alimtazama Bosi kupitia dirisha, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa anaiba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na cherehani yangu.

Bosi hakushughulika na uso wa mtu. Alinishika mkono akanivuta, nikashuka kwenye stuli. Akatoka uani, akapita mbele ya afisa kama vile hayupo, akamshika baba yake aproni, akamburuta. Shemeji akafuata. Akaingizwa ndani, akasukumwa akae kwenye stuli, na Bosi akaokota ule uzi tulioutoa, akamwekea kiganjani. Kisha akasimama pembeni kungoja.

Shemeji aliukazia macho ule uzi muda mrefu. Akajaribu kuupitisha kwenye sindano, akakosa, akajaribu tena, kwa sababu haoni. Dada akamtupia kipande cha kitambaa. Akashona mstari mmoja mnyoofu usio na kazi yoyote, na Bosi akautazama mpaka mwisho, akaridhika, akarudi kwenye vifungo vyake.

Afisa alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake. Akapenga kamasi, na sidhani yalikuwa mafua peke yake. Akasema amesikia vya kutosha, limebaki swali moja ambalo lina uzito katika uamuzi, na lazima aulize: mtoto hawasiliani na watu, je, aweke alama?

Dada akanitazama. Sote tulijua jibu linalotakiwa. Shemeji akasimama, akapangusa uso kwa aproni yenye vumbi la sponji, na safari hii hakupapasa hewa.

"Andika haongei," alisema taratibu. "Hilo ni kweli, mtaa mzima umelisikia. Hawasiliani usiandike, mama. Si kweli."

Nilimtukana kimoyomoyo, nikamwonea fahari papo hapo. Afisa aliandika kwa muda, akageuza karatasi akaandika na upande wa pili, akaaga. Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Dada hakumlaumu, lakini alikuwa anapiga pasi nguo ambazo zilishapigwa. Shemeji akashona kochi moja mara mbili. Kisha mwalimu wa kituo akapiga simu yeye mwenyewe, kabla hata barua haijafika, kusema posho imepita, na Bosi aje Jumatatu na kadi zake zote.

Shemeji akaniambia alijua tangu mwanzo, mambo yalikuwa safi kabisa. Nikamwachia.

Bosi hajamwita baba mpaka leo, na mwalimu anasema tusiisubiri siku hiyo kana kwamba kuna treni inakuja. Lakini nikiikalia ile stuli ya cherehani hata kwa dakika moja, Bosi ananishusha, anakwenda kumtafuta shemeji popote alipo, anamshika aproni anamleta. Shemeji humwacha mteja katikati ya neno akaja, huku analalamika kwamba mtoto huyu hampi nafasi ya kufanya kazi. Siku hizi, nikimwona shemeji amenyong'onyea, nakwenda kuikalia makusudi.